Sikukuu yenu ni ya giza au ya mbalamwezi?

KAMA una ndugu anayevua dagaa basi kuna maneno ambayo lazima umewahi kuyasikia kwenye sherehe ya familia. Sinia limeshushwa, watu wamenawa mikono, halafu shangazi mmoja anatupa jicho huku na huku na kuanza: "Na yule mwingine yuko wapi? Mwaka jana hakuja, mwaka huu tena hakuja. Keshapata vijisenti huko visiwani, sisi siyo watu tena." Wifi mtu anaongeza chumvi. Mpaka pilau linaisha ndugu wa watu kashapewa kila sifa: ana maringo, kalishwa limbwata Ukerewe, kaacha dini ya wazazi wake.

Kumbe wala. Siku hiyo kulikuwa na giza.

Nasema giza la ziwani, siyo la kukatika umeme. Huku kwetu Mwanza na mwambao mzima wa Ziwa Victoria kalenda ya ukutani haitoshi. Kuna kalenda nyingine inaning'inia huko juu bila msumari, na hiyo ndiyo inayoamua nani atakaa mkekani na nani atakosekana. Wiki hii nataka tuisome pamoja, maana nimeona ndugu wengi wanakosana bure kwa kutoijua, halafu wanakuja kuonana tena siku ya turubai na mikeka ya matanga.

MWEZI NDIYE BOSI

Kwa ninyi wa Dodoma na Dar es Salaam ambao mnakutana na dagaa kwenye kisado sokoni, acha niwaeleze. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, ile ya kupiga pampu. Siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaifuata kama kumbikumbi wanavyoifuata balbu ya barazani, wavuvi wanazungusha wavu na kuinua.

Kazi hiyo inataka usiku mweusi tii. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, na dagaa hana sababu ya kusogelea taa ya mtu. Utachoma mafuta bure, utarudi mwaloni na ndoo mbili za aibu.

Ndiyo maana mvuvi wa dagaa anaugawa mwezi mara mbili. Kuna siku za giza na kuna siku za mbalamwezi. Siku za giza mitumbwi inaingia majini kila jioni na watu wanalala mchana. Mbalamwezi ikitoka, kwa wiki moja mpaka siku kumi hivi, mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, hesabu za tajiri zinapigwa, na mvuvi anapata nauli ya kwenda kusalimia kwao. Wala siyo yeye peke yake. Akina mama wanaoanika dagaa, vijana wa kubeba mizigo, mama lishe, muuza chapati, wote likizo yao ni hiyo hiyo. Mwalo wa dagaa wakati wa mbalamwezi umepoa kama shule iliyofungwa.

Sasa wewe uliyeko mjini unaitisha kikao cha ukoo Jumamosi fulani kwa sababu ni mwisho wa mwezi na mshahara umetoka. Mwezi wako ni wa mshahara, mwezi wa mwenzako ni ule wa mbinguni. Neno moja, mambo mawili. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Tena tusisahau kwamba mvuvi wengi tunayemlaumu si mwenye chombo. Chombo ni cha tajiri, injini ni ya tajiri, yeye ana mikono yake na mgawo wake. Akikosa usiku mmoja wa giza wenzake wamepungukiwa mtu wa kuvuta wavu, na kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Watu wa sangara na sato wana hesabu zao, maana nyavu za kutega na ndoano hazingoji taa. Lakini dagaa? Dagaa ni mwezi tu.

IDD YA GIZA, IDD YA MBALAMWEZI

Sasa hapa ndipo dini inapoingia, na nakuomba ufuatane nami taratibu maana mambo ni matamu.

Idd el Fitr inangoja mwezi uandame. Mwezi mwandamo ni ule mwembamba kama ukucha, unaochungulia kidogo upande wa magharibi halafu unazama zake. Ukishazama, usiku uliobaki ni giza tupu. Maana yake ni kwamba Idd el Fitr, miaka nenda miaka rudi, lazima iangukie siku za giza, pale pale dagaa wanapopatikana. Haijawahi kuwa vingine na haitakuwa. Mvuvi Mwislamu anasikia mwezi umeonekana huku anatayarisha taa zake. Basi huko visiwani utakuta mtu anafika ufukweni alfajiri, anaoga, anavaa kanzu, anaswali Idd, anakula pilau la haraka haraka, anampigia mama yake simu, na jioni yumo majini. Hiyo ndiyo Idd yake. Shangazi wa mjini anamwita mwenye maringo.

Idd el Hajj iko kinyume kabisa. Yenyewe ni mwezi kumi ya Mfungo Tatu, na mwezi wa kumi angani umeshanenepa. Maulidi nayo ni mwezi kumi na mbili ya Mfungo Sita, hapo mwezi umekaribia kujaa. Kwa hiyo Idd Kubwa na Maulidi ni sikukuu za mbalamwezi. Mitumbwi iko mchangani au inakaribia kuvutwa. Ukimwita ndugu yako siku hizo na asije, hapo sasa una haki ya kununa.

Wakristo msicheke, na ninyi mmo. Pasaka haina tarehe kwa sababu nayo inautazama mwezi. Huwekwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoanzia tarehe 21 Machi na kuendelea. Ndiyo kusema Pasaka huangukia ndani ya wiki inayofuata mwezi mpevu, na haikutani na mwezi mwandamo. Wenye dagaa wengi wanakuwa nchi kavu, au ndiyo kwanza wanaanza kurekebisha nyavu. Krismasi ndiyo haina adabu. Imejifunga kwenye tarehe 25 Desemba, mwezi uwe mpevu usiwe mpevu haijali. Mwaka 2023 mwezi ulijaa usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba, hivyo Krismasi hiyo ilikuwa na mbalamwezi safi. Mwaka uliofuata, 2024, giza lilikuwa linazidi kuelekea mwisho wa Desemba, na wavuvi wengi Krismasi iliwakuta kazini. Krismasi ya 2026 ni ya mbalamwezi tena, mwezi unajaa tarehe 24, mkesha wenyewe. Watu wa ukoo wangu nimeshawaambia.

Halafu kuna ndugu zetu Wasabato, ambao wamejaa pwani ya Mara na Ukerewe. Wao hawangoji sikukuu ya mwaka, wana sikukuu kila wiki. Jua likizama Ijumaa kazi imekwisha mpaka lizame Jumamosi. Piga hesabu mwenyewe: katika siku za giza za mwezi mmoja kuna Ijumaa kama tatu hivi, na Msabato mwenye msimamo anaziacha zote zipite. Ukiona mtumbwi mmoja umelala mchangani Ijumaa usiku wakati mwambao wote unawaka taa kama mji, usiulize sana. Hapo pana mtu ameamua.

Mimi nikiwaza hilo huwa nasema imani za ziwani hazipimwi kwa sauti ya kwaya wala ukubwa wa spika. Zinapimwa kwa ndoo za dagaa ambazo mtu ameziacha ziwani kwa hiari yake.

Na kwa Waislamu wenye ndugu wavuvi nina siri moja ya bure. Mkitaka futari ya ukoo mzima msingoje Idd. Ramadhani inaanza na giza, lakini katikati yake mwezi unajaa. Wekeni futari hiyo kati ya mwezi kumi na mbili na kumi na saba ya Ramadhani. Yule ambaye wiki mbili amekula daku yake juu ya maji, kikombe mkono mmoja na kamba mkono mwingine, siku hiyo atakaa na wanawe na kula uji wa moto bila mtu kumwita.

JUA NA MVUA NAVYO VINA NENO

Mwezi ukishatoa ruhusa bado kuna jua na mvua. Kanda ya Ziwa mwaka wetu una kiangazi cha Juni mpaka Septemba, vuli inayoanza Oktoba mpaka Desemba, kamapumziko kadogo mwanzoni mwa mwaka, halafu masika ya Machi mpaka Mei. Kila msimu una sherehe zake, na ukiuchanganya unaumia.

Kiangazi ndiyo raha yenyewe. Pamba imechumwa na kuuzwa, mpunga umeshatoka majarubani, mtu ana chochote mfukoni. Uani kwa kila bibi wa Kisukuma utaona viazi vitamu vimeanikwa. Vilivyokatwa vibichi vikakaushwa ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ndiyo vikakaushwa ni matobolwa. Jua ni kali, dagaa wanakauka siku moja na bei inasimama. Ndiyo maana harusi za Usukuma zinarundikana miezi hiyo. Ng'ombe wa mahari wanapatikana, Kwaresima imepita, shule zimefungwa Juni, na huna haja ya kukodi turubai kwa ajili ya mvua.

Na ndiyo msimu wa ngoma. Pale Bujora, Kisesa, kilomita kama ishirini hivi kutoka Mwanza mjini, ipo Makumbusho ya Wasukuma, na kanisa ambalo ndani yake limepambwa kwa mila ya watemi wa Kisukuma. Kazi hiyo ilianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, ambaye badala ya kuwafukuza wacheza ngoma kanisani aliwakaribisha. Kila mwaka sikukuu ya Ekaristi ikifika, siku sitini baada ya Pasaka, kunakuwa na Bulabo. Asubuhi ni misa na maandamano ya Ekaristi, watu wanatembea juu ya maua. Wakimaliza ndiyo Bagika na Bagalu wanaingia uwanjani, yale makundi mawili ya ngoma yanayojitaja kwa wakongwe wao Ngika na Gumha. Mmoja anacheza na chatu, mwingine anapanda juu ya mabega ya mwenzake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna majaji wenye karatasi. Umati wenyewe ndiyo alama.

Kwa watu wazima wengi wa huku Bulabo ni mkutano wa ukoo bila barua. Shangazi aliyeolewa Magu, mjomba wa Misungwi, binamu wa Kwimba, wote unawakuta pale pale wanakula miwa. Salamu ni "mwangaluka" kila hatua tatu. Na mkumbuke, siku sitini baada ya Pasaka ni kama miezi miwili ya mbinguni, kwa hiyo Bulabo nayo huja siku chache baada ya mwezi mpevu. Ukoo wenye wavuvi haujakosa nafasi.

Vuli ina utamu mwingine. Maembe yanaanza, watu wanalima, na Novemba kwa ndugu zetu wa Kagera ni mwezi wa senene. Usiku mzima taa zinawaka, watoto wanakimbia na chupa na ndoo, asubuhi familia nzima imekaa kunyonyoa mbawa na miguu huku inapiga soga. Zamani Wahaya walikuwa na sheria ngumu: mwanamke anakamata na kukaanga, mwanaume anakula. Siku hizi akina mama wameshaikataa hiyo kesi, wanakula mbele ya mtu. Meli ya kutoka Bukoba ikitia nanga Mwanza wakati huo, kila mzigo wa tatu una mfuko wa senene kwa ajili ya fulani.

Masika ndiyo msimu wa uvumilivu. Dagaa aliyeanikwa ananyeshewa, akioza anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, mama aliyekopa kununua ndoo kumi anabaki na deni. Ziwa lenyewe nalo hupanda. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za mialoni, na 2024 likarudia tena. Kwa bahati Kwaresima iko huko huko, na kwa miaka hii Ramadhani nayo imekuwa ikiangukia karibu. Mwanzoni mwa Machi 2025 zilianza ndani ya wiki moja, mtaa mzima ukawa umefunga, hata muuza chipsi analalamika. Lakini Ramadhani haikai. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, kwa hiyo Mwislamu akifikisha miaka 33 au 34 ameshafunga kwenye masika, kwenye vuli na kwenye kiangazi cha kukausha midomo.

KISU ANASHIKA NANI?

Haya, mwezi umekubali, jua linawaka, watu wamefika. Sasa kuna mbuzi amefungwa kwenye mwembe. Nani atamchinja?

Familia za Mwanza ukizikuna kidogo utakuta mchanganyiko. Baba Mkatoliki, mama wa AIC, dada kaolewa na Mwislamu wa Ujiji, kaka mdogo kawa mlokole juzi juzi na bado ana moto. Tangu zamani mila ya kawaida imekuwa rahisi tu: Mwislamu ndiye anashika kisu, kwa kuwa yeye ana masharti ya nyama na wengine wengi hawana, basi wote wanakula chungu kimoja. Hakuna aliyeona ameonewa.

Ila jambo dogo likiachwa bila adabu linakua. Mwaka 2012 na 2013 Kanda yetu ya Ziwa ilitikiswa na mzozo wa kuchinja. Wapo Wakristo waliosema na wao wana haki ya kuchinja na kuuza, wapo Waislamu waliosema hiyo ni kazi yao toka enzi. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ubishi huo ulifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Kwa ajili ya nyama! Ngazi zote za Serikali zikalazimika kuja kukaa vikao kwa jambo ambalo bibi zetu walikuwa wanalimaliza kwa sentensi moja: mwiteni shemeji yenu aje achinje.

Kwa hiyo mwenye nyumba usijifanye hujui. Kabla ya siku, uliza. Msabato hatakula nguruwe wala kambare asiye na magamba, na wengi wao chai ya majani hawagusi, mpikie uji. Mlokole na mtu wa AIC usimsogezee chupa ya bia kwa utani, siyo utani huo. Mwislamu mwonyeshe aliyechinja. Sato wa kuchemsha na ugali wa udaga hana mgogoro na dini yoyote, na hapo ndipo utaona hekima ya ziwa letu. Na sala fupi jamani! Anayeombea chakula asituhubirie mpaka ugali ukatengeneza ngozi juu. Padri, sheikhe au mchungaji, ukipewa nafasi mkekani shukuru na ukae.

NJIA YA MAJI

Msimu wa sikukuu ndiyo msimu wa kujazana. Kila mtu anataka kufika, na mwenye chombo anataka nauli. Hapa naomba tuache mzaha kidogo.

Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa imeshakaribia kabisa kuingia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi wao wamelala pale Igoma, Waislamu kwa Wakristo, na wengine hawakutambulika hata majina. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache tu kabla ya kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Watu 228 walikufa, na uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kote kuwili waliokufa walikuwa wanaelekea kwa watu wao, na kote kuwili chombo kilibeba kuliko kilichoruhusiwa.

Kwa hiyo ukimlazimisha ndugu wa kisiwani afike siku fulani lazima, bila kumpa siku mbili za kuchagua usafiri, fikiria unamwambia nini. Mwache aje kesho yake. Wali wa jana unapashwa moto. Na ukipanda mtumbwi wa injini vaa jaketi la kujiokolea, usilikalie kama mto.

Upande wa Sengerema na Geita kisingizio kimeisha. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu linaloitwa Daraja la J.P. Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ile safari ya kungoja pantoni mpaka unanunua mahindi ya kuchoma mara mbili sasa ni dakika chache za gari. Ndugu wa Sengerema anayesema "nilichelewa pantoni" mkamateni.

TUSINGOJE TURUBAI

Sasa nafika penyewe. Yule mvuvi aliyekosa Idd tatu na Krismasi mbili, mpigie simu umwambie baba amefariki. Hata kama giza ni zito namna gani, hata kama usiku huo dagaa wanajaza mitumbwi, ataacha. Tajiri wake mwenyewe atampa nauli. Mialo mingi huku, mvuvi akifa maji, wenzake hawaingii kuvua mpaka mwili upatikane. Kwa msiba ziwa zima linakubali kusimama.

Ni desturi nzuri na Mungu aitunze. Lakini nauliza kwa upole: kwa nini aliyekufa apewe usiku ambao aliyekuwa hai hakupewa hata mmoja? Angalia familia nyingi za mjini siku hizi. Kuna grupu la WhatsApp la ukoo, watu sitini, asubuhi wanatumiana maua na mistari ya Biblia au hadithi za Mtume. Mgonjwa akilazwa Bugando michango inatumwa kwa simu na majina yanaorodheshwa. Vizuri. Lakini watoto wa ndugu wawili wanapishana barabarani Kirumba hawajuani. Wanakuja kutambulishwa makaburini: "Huyu ni mtoto wa baba yako mkubwa." Mahali gani pa kupatia ndugu!

Mtoto hafundishwi dini kwa mahubiri peke yake. Anaifunza akimwona babu anapiga ishara ya msalaba kabla ya kukata ugali, akimwona mjomba anatandika mkeka wake pembeni ya mwamba na kuswali adhuhuri huku watu wote wananyamaza bila kuambiwa. Anajifunza kwamba watu wanaweza kuomba tofauti na wakabaki damu moja. Hilo halipo kwenye grupu. Linahitaji mkeka, kivuli, na siku moja.

Basi nifanye nini, utaniuliza. Haya ni machache:

Kwanza, mwaka ukianza kaeni na kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, zipo hata kwenye simu. Chagueni siku mbili za ukoo: moja kiangazi, moja karibu na Desemba. Zote ziwe za mbalamwezi. Halafu ndiyo mtazame mshahara.

Pili, msing'ang'anie ukumbi. Mji wetu Mungu ameujaza miamba na ufukwe, sisi tunakodi ukumbi wenye feni mbovu. Mnaweza kwenda kisiwa cha Saa Nane, ambacho kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, dakika chache tu za boti kutoka mjini. Mnaweza kwenda kwa bibi Igombe au Kayenze na kukaa chini ya mti. Ila watoto msiwaachie waoge popote, ziwa hili lina kichocho, na kuna sehemu mamba wapo. Ulizeni wenyeji.

Tatu, gharama igawanywe kwa uwezo. Wa mjini alete mchele na mafuta, wa shamba alete mbuzi na michembe, wa ziwani alete sato. Asiye na kitu alete watoto wake. Msimtoze mtu kwa jina la ukoo mpaka aone aibu kuja.

Nne, mzee wa ukoo apewe nusu saa ya kusema nani ni nani, mlitoka wapi, na makaburi yenu yako wapi. Vijana warekodi kwa simu zao, maana mzee huyo harudiwi.

Na wewe ndugu mvuvi, kama unasomewa gazeti hili hapo mwaloni huku mnashona nyavu, nawe una lako. Usinyamaze halafu ukasema hawakuthamini. Watu wa mjini hawaujui mwezi, wafundishe. Piga simu mapema useme giza linaingia lini na linatoka lini, ili shangazi akipanga shughuli yake ajue. Mbalamwezi ikitoka, usizimalizie zote siku kumi kwenye vilabu vya hapo kambini ukarudi giza lingine hata mama hujamwona. Nauli ya kwenda kumsalimia mzazi haijawahi kumfilisi mtu.

Shangazi naye, siku nyingine sinia likishushwa na mtu akakosekana, atoke kwanza nje atazame juu. Kama mbalamwezi inawaka na ndugu hayupo, anune anavyotaka. Kama ni giza, amwekee nyama yake kwenye bakuli na kuifunika.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.